Jina Katika Daftari: Namna ya Kusoma Hati za Shule za Uraia na Shule za Uhuru za Kusini mwa Marekani

Utangulizi

Neno raia lilipoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu lilikuja na maana ya mtu aliye chini ya mtawala, mmoja wa kundi linalochungwa. Baadaye likapata maana ya pili: mtu mwenye haki na sauti katika nchi yake. Maana hizo mbili zingali zinakaa pamoja katika neno moja, na msikilizaji huzipambanua kwa muktadha tu. Historia ya shule zinazozungumziwa hapa yaweza kuelezwa kwa ufupi kuwa ni historia ya watu waliotaka kuvuka kutoka maana ya kwanza kwenda maana ya pili, na ambao walitakiwa na sheria wavuke kwa kalamu.

Shule hizo ni za aina mbili. Za kwanza ni Shule za Uraia, zilizoanza mwezi wa Januari 1957 katika kisiwa cha Johns Island, jimbo la South Carolina, zikafundisha watu wazima kusoma na kuandika ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Za pili ni Shule za Uhuru, zilizofunguliwa katika jimbo la Mississippi wakati wa kiangazi cha 1964 kwa ajili ya vijana hasa. Zote mbili ziliacha karatasi nyingi: orodha za wanafunzi, taarifa za walimu, vijitabu vya kusomea, fomu, barua, mihtasari ya masomo, na magazeti yaliyopigwa taipu na kurudufiwa. Sehemu kubwa ya karatasi hizo imehifadhiwa leo katika Jumuiya ya Historia ya Wisconsin huko Madison, katika Chuo Kikuu cha Southern Mississippi mjini Hattiesburg, na katika Kituo cha Utafiti cha Avery mjini Charleston.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya historia ya harakati hizo, kwani imekwisha kuandikwa na wengi. Yanakusudia kuzihakiki hati zenyewe kama maandishi: nani aliziandika, kwa lugha gani, kwa ajili ya nani, na jina la nani liliwekwa mahali gani. Hoja inayotetewa ni kwamba andiko kuu katika hifadhi hizo ni andiko dogo kuliko yote, yaani jina la mtu lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Na kwamba jina lile lile, likiwekwa katika madaftari mawili tofauti, huwa maandiko mawili yanayopingana.

1. Jina kama mtihani

Ili kuelewa uzito wa jina, yafaa kwanza kuangalia hati za upande wa pili, yaani fomu za serikali. Katika South Carolina sheria ilimtaka mtu anayeomba kuandikishwa asome na kuandika kifungu chochote cha katiba ya jimbo, isipokuwa awe na mali yenye kutozwa kodi ya thamani ya dola 300 au zaidi. Katika Mississippi masharti yalikuwa magumu zaidi. Baada ya katiba kurekebishwa mwaka 1954, mwombaji alipaswa kunakili kifungu alichochaguliwa na msajili, kisha akieleze maana yake, na hatimaye aandike maelezo juu ya wajibu wa raia chini ya serikali ya kikatiba. Katiba ile ilikuwa na vifungu zaidi ya 280, na msajili ndiye aliyechagua kifungu na ndiye aliyesahihisha majibu. Hakukuwa na jibu lililojulikana kuwa ni sahihi.

Mtu akiisoma fomu hiyo kwa jicho la mwanaisimu, ataona kwamba si mtihani wa lugha hata kidogo. Mtihani wa lugha hupima kama mtu ameelewa. Fomu hii ilipima kama msajili ameridhika. Tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba, alikwenda Indianola pamoja na wenzake 17 kujaribu kujiandikisha. Alipewa kifungu kinachohusu sheria zinazofuatwa kwa mazoea bila kuwa zimetungwa rasmi, jambo ambalo hata mwanasheria angelieleza kwa taabu. Alishindwa, na siku ile ile akafukuzwa katika shamba alilofanya kazi kwa miaka 18. Mwaka huo huo wa 1962 bunge la Mississippi lilipitisha sheria ya kutangaza majina ya waombaji katika gazeti la mahali kwa muda wa wiki mbili. Hivyo jina likawa mtego wa pande mbili: asiyeweza kuliandika hakuandikishwa, na aliyeliandika alitangazwa kwa mwajiri wake, kwa mwenye nyumba yake na kwa mwenye duka aliyemkopesha.

Msomaji wa Kongo hatauona utaratibu huo kuwa mgeni kabisa. Kadi ya ustahili wa kiraia iliyoanzishwa na serikali ya Kibelgiji mwaka 1948, na uandikishaji wa mwaka 1952, viliweka pia kusoma, kuandika na mwenendo wa nyumbani kuwa mizani ya kumpimia Mwafrika aliyeomba haki fulani. Tofauti ni kwamba katika Kongo mlango ulifunguliwa kwa wachache waliochaguliwa, ambapo katika Mississippi katiba ya taifa ilisema kwamba mlango ulikuwa wazi tangu mwaka 1870, na fomu ikawekwa ili usipitike.

2. Darasa nyuma ya duka

Esau Jenkins alikuwa mkazi wa Johns Island aliyeendesha basi lake kuwapeleka wafanyakazi Charleston kila asubuhi. Abiria wake mmoja, Alice Wine, alimwomba amfundishe kusoma ili ajiandikishe kupiga kura, na Jenkins akaanza kuwafundisha abiria vifungu vya katiba safarini. Wine aliweza kuvikariri kwa kusikia, lakini kukariri si kusoma, naye alijua hivyo. Mwaka 1954 Jenkins alihudhuria warsha ya Highlander, chuo cha watu wazima kilichoanzishwa mwaka 1932 katika milima ya Tennessee, na hapo akaomba msaada wa kufungua shule ya usiku.

Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Septima Clark. Alikuwa ameanza kazi ya kufundisha katika kisiwa hicho hicho mwaka 1916, na mwaka 1956 alifukuzwa kazi ya ualimu baada ya miaka 40 kwa sababu alikataa kuficha uanachama wake katika NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Clark hakutafuta mwalimu mwenye shahada. Alimchagua jamaa yake Bernice Robinson, msusi wa Charleston, ambaye hakuwa amefundisha darasa hata siku moja. Darasa la kwanza, lenye watu wazima 14, lilikutana usiku katika chumba kilicho nyuma ya duka la ushirika la Progressive Club, ili Wazungu waone duka tu wasione shule.

Taarifa za darasa hilo zinaeleza kwamba Robinson aliweka kando vitabu vya watoto alivyokuja navyo, akawaambia watu wale kuwa yeye si mwalimu na kwamba watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini. Majibu yao ndiyo yaliyokuwa muhtasari wa masomo. Walitaka kuandika majina yao. Walitaka kusoma Biblia, kusoma barua za watoto wao waliohamia Kaskazini, kujaza hawala ya posta, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa kwa katalogi, na kukisoma kifungu cha katiba mbele ya msajili. Ukutani Robinson alibandika Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, akaahidi kwamba watakapomaliza wataweza kulisoma.

Mhakiki mwenye haraka angeiona orodha hiyo kuwa mchanganyiko usio na mpango: Biblia, katalogi, katiba na hawala ya posta katika ukurasa mmoja. Lakini mpango upo. Kila andiko lililotajwa ni andiko ambalo hapo awali mtu mwingine alilisoma au kulijaza kwa niaba ya mwanafunzi. Asiyejua kujaza hawala huomba mwenye duka amjazie, na mwenye duka hujua amepeleka fedha kiasi gani na kwa nani. Asiyeweza kusoma barua ya mwanawe humsomea jirani, na siri ya nyumba huwa ya mtaa. Orodha ya Robinson basi ni orodha ya mahali ambapo mtu alikuwa amelazimika kumpa mwingine jina lake amtumilie. Kupiga kura kuliingia humo kama jambo moja miongoni mwa mengine ya aina hiyo, na ndiyo sababu watu waliofanya kazi mchana kutwa waliendelea kuja usiku.

Namna ya kufundisha jina yenyewe yastahili kutajwa. Clark anaeleza kuwa jina la mwanafunzi liliandikwa juu ya kadibodi, na mwanafunzi akalifuatisha kwa kalamu mara nyingi mpaka mkono ukazoea umbo la herufi. Mikono hiyo ilikuwa imezoea jembe na uvuvi, na penseli zilivunjika. Katika hifadhi zipo karatasi ambazo jina moja linajirudia mstari baada ya mstari. Karatasi hizo hazisemi chochote zaidi ya jina, na wachapishaji wa vitabu vya historia hupendelea hotuba. Hata hivyo hakuna hati inayoonyesha kazi ya shule kwa ukamilifu kama hizo.

3. Udhaifu wa taarifa, na lugha isiyoandikwa

Uhakiki hautatimia bila kutaja kasoro. Taarifa nyingi za Shule za Uraia ziliandikwa ili zifike Highlander, na Highlander nayo ilipaswa kuwaeleza wafadhili wake fedha zimefanya kazi gani. Kwa hiyo zinapenda hesabu na ushindi: wangapi walikuja, wangapi wamejiandikisha. Aliyeacha darasa katikati, aliyeogopa, aliyekatazwa na mumewe au na mwajiri, huonekana kwa nadra, na akionekana huwa ni pengo katika orodha ya mahudhurio. Msomaji wa hati hizo anapaswa kuhesabu pia majina yaliyopo wiki ya kwanza na kukosekana wiki ya nane.

Kasoro ya pili ni ya lugha, na kwa wasomaji wa jarida hili huenda ikawa ndiyo kubwa zaidi. Watu wa Johns Island huzungumza Kigullah, lugha iliyozaliwa katika visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia kutokana na kukutana kwa Kiingereza na lugha za Waafrika waliopelekwa utumwani. Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu mweusi aliyekusanya data katika visiwa hivyo kuanzia miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1949 kitabu kilichothibitisha kwamba Kigullah kina mamia ya maneno na maelfu ya majina yenye asili ya Afrika. Miongoni mwa lugha alizozitaja ni Kikongo. Neno nguba, ambalo kila mnunuzi wa karanga wa Kinshasa au Matadi analifahamu, limefika huko na kuingia hata katika Kiingereza cha Kusini kwa umbo la goober.

Jambo linalohusu zaidi hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu cha Turner ni orodha ya majina ya watu. Turner aligundua kuwa watu wa visiwa walikuwa na majina mawili: jina la Kiingereza walilolitumia shuleni, kazini na kwa wageni, na jina la nyumbani, mara nyingi lenye asili ya Kiafrika, lililotumiwa na jamaa na marafiki. Sasa ni wazi ni jina lipi lililoandikwa juu ya kadibodi ya Shule ya Uraia. Lilikuwa jina la Kiingereza, kwa kuwa ndilo alilolitambua msajili. Jina la nyumbani halikuingia katika daftari. Vivyo hivyo taarifa za walimu zinatuletea maneno ya wanafunzi yakiwa yamekwisha kusawazishwa kwa Kiingereza sanifu.

Si haki kuwalaumu Clark na Robinson kwa hilo, maana walikuwa na miezi michache ya baridi, wakati mashamba yamelala, kumtayarisha mtu kwa mtihani wa Kiingereza. Ila ni wajibu wa mhakiki kusema kwamba haki ya kura ilipatikana kwa lugha ya msajili, na kwamba lugha ya darasa lenyewe inapaswa kutafutwa nje ya karatasi. Kwa bahati njema yapo mahali pa kuitafutia. Highlander ilikuwa na desturi ya kunasa warsha zake kwa kanda za sauti, na kanda nyingi zimehifadhiwa. Guy na Candie Carawan, walioishi katika kisiwa hicho, walichapisha mwaka 1966 kitabu cha masimulizi, nyimbo na picha za watu wa Johns Island kwa namna walivyozungumza, na Alice Wine ni mmoja wa wasimuliaji wake. Anayetaka kuandika juu ya Shule za Uraia kwa kutegemea karatasi peke yake atakuwa amesikiliza upande wa mwalimu tu.

4. Kutoka sahihi hadi gazeti

Serikali ya Tennessee ilivamia Highlander mwezi wa Julai 1959, ikamkamata Clark pamoja na wengine, na mwaka 1961 ikakifuta chuo na kutwaa mali yake. Mpango wa Shule za Uraia ulihamishiwa katika shirika la Martin Luther King, na walimu wakawa wanafunzwa katika kituo cha Dorchester, jimbo la Georgia, chini ya Clark, Dorothy Cotton na Andrew Young. Hamer naye alipita katika mafunzo hayo. Ndiyo kusema Shule za Uhuru za Mississippi hazikuanzia patupu.

Charles Cobb, kijana wa shirika la wanafunzi la SNCC, ndiye aliyependekeza Shule za Uhuru mwishoni mwa 1963. Hoja yake ilikuwa kwamba shule za serikali za watu weusi zilimfundisha mtoto kunyamaza. Muhtasari uliotayarishwa kwa ajili ya shule hizo umejengwa juu ya maswali: kwa nini mwalimu na mwanafunzi wako hapa, Wazungu wana nini ambacho wanafunzi wangependa kuwa nacho, wana nini ambacho hawakitaki, na katika maisha yao wenyewe kuna nini wangependa kukitunza. Swali la mwisho ndilo linaloupa muhtasari huo thamani yake, kwa sababu linakubali kwamba mtoto wa mvuna pamba amekuja na kitu mkononi. Linakumbusha swali la Robinson nyuma ya duka, ingawa hapa limeandikwa na kupigwa chapa kabla mwanafunzi hajafika.

Waandalizi walitarajia wanafunzi wapatao 1,000. Walikuja zaidi ya 2,000, katika shule zaidi ya 40 zilizowekwa makanisani, katika nyumba za watu na chini ya miti. Na hapo ikatokea hati ya aina mpya. Shule nyingi zilianzisha magazeti yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe, wakayapiga taipu juu ya stensili na kuyarudufu: Freedom's Journal la McComb, Student Voice of True Light la Hattiesburg, Benton County Freedom Train, na mengineyo. Ndani yake mna mashairi, insha fupi, habari za mtaa na madai.

Kifasihi magazeti hayo hayalingani. Insha nyingi zinarudia maneno ya mwalimu kama mtoto anavyorudia katekisimu, na msomaji hutambua upesi aya ambayo mwandishi ameipokea na aya ambayo ameipata mwenyewe. Zilizo bora ni zile zinazotaja vitu: shule isiyo na vitabu, ujira wa siku moja ya kupalilia pamba, barabara inayoishia pale mtaa wa weusi unapoanza. Lakini kuna jambo linaloyaunganisha yote, nalo ni kwamba chini ya kila andiko kuna jina, na mara nyingi umri wa mwandishi. Miaka miwili tu baada ya bunge kuamuru majina ya waombaji yatangazwe ili watishwe, watoto wa miaka 12 au 15 walikuwa wakijitangaza wenyewe katika gazeti lao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa McComb. Nyumba ya wanaharakati ya mji huo ililipuliwa kwa bomu mwezi wa Julai 1964, na watu wazima wakaogopa kutoa mahali pa darasa. Msichana aliyeitwa Joyce Brown aliandika shairi kuhusu nyumba hiyo, shairi lililowasuta wazee wake bila kuwatukana, nalo likasomwa mbele ya watu. Yasimuliwa kwamba baada ya hapo shule ikapata mahali. Si mara nyingi mhakiki wa ushairi anaweza kuonyesha kwamba shairi lilifungua mlango wa jengo.

Mwezi wa Agosti 1964 wajumbe wa shule hizo walikutana mjini Meridian, wakapitisha maazimio yao juu ya nyumba, afya, kazi na elimu. Waliongeza na sehemu ya mambo ya nje, wakidai Marekani iiwekee Afrika Kusini vikwazo vya kiuchumi kwa sababu ya ubaguzi. Kuitazama Afrika hakukuwa jambo geni kwao: Desemba 1963 Oginga Odinga wa Kenya alizuru Atlanta, vijana wa SNCC wakaenda kumwamkia, na wimbo uliotungwa baada ya ziara hiyo ukalipeleka neno uhuru, kwa Kiswahili chake, katika mikutano ya Kusini.

5. Daftari la pili

Jina lililoandikwa kwa fahari katika gazeti la wanafunzi lilisomwa pia na wengine. Mwaka 1956 bunge la Mississippi liliunda tume ya kutetea ubaguzi, iliyojulikana kama Tume ya Mamlaka ya Jimbo, nayo ikaajiri wapelelezi na watoa habari. Ilifungwa mwaka 1977, na faili zake zikaamriwa zifungiwe kwa miaka 50. Mahakama ikatengua amri hiyo, na faili zikafunguliwa mwezi wa Machi 1998: zaidi ya kurasa 120,000.

Ukiziweka faili hizo kando ya madaftari ya shule, utastaajabu jinsi yanavyofanana kwa sura. Pande zote mbili kuna orodha za majina, anwani, mahali pa mikutano, na hesabu ya waliohudhuria. Faili za tume zimeongeza namba za magari yaliyoegeshwa nje ya kanisa. Mwanahistoria anayetafuta habari tu atafurahi, kwa sababu wapelelezi waliandika kwa bidii, na pengine waliandika kile ambacho wanaharakati kwa kuhofia usalama walikataa kukiandika. Ila mhakiki hawezi kuzisoma orodha hizo mbili kwa namna moja. Katika daftari la shule jina ni tendo la mwenye jina. Katika faili la tume jina ni tendo la mtu mwingine juu yake. Sarufi inalieleza jambo hilo vizuri: upande mmoja kauli ya kutenda, upande wa pili kauli ya kutendwa.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa mahakama ulikuwa wa busara ulipowapa waliopelelezwa nafasi ya kuomba majina yao yafutwe kabla ya faili kuonyeshwa kwa umma. Baadhi waliomba hivyo; wengi hawakuomba. Aliyeliacha jina lake lionekane alilichukua tena kutoka mkononi mwa mpelelezi, na aliyelifuta alitumia haki ile ile.

6. Nani alitangulia kuchapishwa

Swali la mwisho ni la uchapishaji. Barua za wanafunzi wa vyuo waliokuja Mississippi kutoka Kaskazini, wengi wao wakiwa Wazungu, zilikusanywa na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1965, yaani mwaka mmoja tu baada ya kiangazi kile. Ni barua nzuri, zenye moyo na macho makali. Magazeti ya wanafunzi wa Shule za Uhuru yalisubiri mpaka mwaka 2015 ndipo William Sturkey na Jon Hale walipoyakusanya katika kitabu kimoja. Kwa miaka 50 basi msomaji wa kawaida alilijua darasa kwa maelezo ya mgeni aliyekaa majuma manane, ingawa mwenyeji alikuwa ameandika siku zile zile, chumba kile kile, na kutia jina lake.

Magazeti hayo yalisalimika kwa sababu wapo waliozijali karatasi kabla hazijawa historia. Katika miaka ya 1960 Jumuiya ya Historia ya Wisconsin iliwatuma vijana Kusini kukusanya hati za harakati kutoka ofisini na majumbani mwa watu, wakati ambapo hifadhi nyingi za Kusini zenyewe hazikuzitaka. Kwa hiyo mtoto wa Hattiesburg anayetaka kuona mwandiko wa nyanya yake huenda akalazimika kusafiri hadi Madison, au kuutazama katika kompyuta. Ni fidia isiyotosheleza, lakini njia mbadala ilikuwa ni kupotea. Tarehe 29 Machi 2019 ofisi kuu ya Highlander, iliyofunguliwa upya na kuhamia New Market, iliteketea kwa moto usiku pamoja na hati za miongo kadhaa, na alama ya kundi la wabaguzi ikakutwa imechorwa karibu na mabaki. Hati zilizokuwa zimekwisha kupelekwa Wisconsin zilisalimika.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hati za Shule za Uraia na Shule za Uhuru zinapaswa kusomwa kwa kufuata jina: aliyeliandika, lugha aliyoliandikia, daftari lililolipokea na muda lililosubiri kabla ya kuchapishwa. Msomaji akifuata njia hiyo, Septima Clark na Charles Cobb hawapungukiwi na heshima yao, ila wanazungukwa na watu waliokuwa nao darasani.

Kwa taaluma ya Kiswahili katika Kongo funzo liko karibu. Mwaka 1965, wakati Shule za Uhuru zilikuwa bado na mwangwi, André Yav aliandika mjini Lubumbashi historia ya mji kwa Kiswahili cha mji huo, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani. Ilirudufiwa kwa nakala chache, na ikawafikia wasomi wa ulimwengu mwaka 1990 tu, Johannes Fabian alipoichapisha. Yav aliandika kwa lugha ya wenzake na akatia jina lake. Alifanya yote mawili ambayo karatasi za Johns Island zilishindwa kuyaunganisha. Haiaminiki kwamba alikuwa peke yake. Madaftari ya vikundi vya likelemba, mihtasari ya vyama vya wafanyakazi, orodha za wanafunzi wa madarasa ya jioni ya parokia, yangali katika masanduku ya watu, chini ya vitanda, yakingojea mchwa na mvua. Wanafunzi wa idara za lugha wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuanza kwa kubisha hodi katika nyumba hizo na kuomba ruhusa ya kunakili. Kila nakala iandikwe jina la mwenye mkono, kama anapenda liandikwe, na lile la nyumbani pia.